Deni la kampuni kwenye mizania: yasemwayo na yaliyo kweli

"Deni halifi." Kauli hii utaisikia kutoka Darajani hadi Chake Chake, na ina mizizi ya dini: kabla ya maziko hutangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Mbele ya Mungu ni hivyo hivyo. Mahakamani, muda wa sheria ukipita kabla hujafungua kesi, kesi hutupwa hata kama saruji uliyoikopesha kweli ilichukuliwa. Deni lenyewe linabaki, na mdaiwa akikulipa kwa hiari yake hawezi kurudi kuzidai pesa zake. Ulichopoteza ni uwezo wa kumshitaki.

"Muda ni miaka sita." Hiyo ni Bara, kwa madai ya mkataba, chini ya sheria ya ukomo, yaani ya mwisho wa muda wa kufungua kesi, ya 1971. Sheria hiyo haivuki bahari. Zanzibar imekuwa na Dikrii (sheria) yake ya Ukomo, Sura ya 12. Anayehesabu kwa kalenda ya Dar es Salaam anajiweka hatarini. Aende kwa wakili wa hapa, mapema.

"Mkurugenzi ameniahidi kwa simu, kwa hiyo muda umeanza upya." Hapana. Muda huanza upya mdaiwa akikiri deni, na kukiri huko kunataka maandishi na saini, tena kabla muda haujaisha.

Linalowachanganya wengi ni mizania, yaani hesabu inayoonyesha mali na madeni ya kampuni katika tarehe fulani. Wako wasemao deni likishaandikwa humo, kampuni imekiri, basi. Wengine husema ile ni karatasi inayotolewa kwa kulazimishwa na sheria, haimfungi mtu. Wote wamekosea. Uingereza, katika shauri la Jones dhidi ya Bellgrove Properties la 1949, mizania ilitaja "wadai mbalimbali" kwa jumla, bila jina la mtu. Wahasibu walioisaini wakathibitisha kwamba deni la mdai limo ndani ya jumla hiyo, na mahakama ikaikubali kuwa kukiri. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Bishal Jaiswal, ilisema kwamba kulazimika kuandaa mizania hakuzuii isiwe ushahidi wa kukiri, ila lazima isomwe pamoja na maelezo yake. Kampuni ikiandika pembeni kwamba deni hilo inalipinga, kukiri kunaweza kuanguka.

Kwetu shauri la kulisoma kwa makini zaidi ni Consolidated Agencies dhidi ya Bertram. Lilitoka Afrika Mashariki na kuamuliwa London na Baraza la Privy, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, mwaka 1964, kwa sheria ya ukomo ya India iliyokuwa ikitumika huku. Mizania iliyosainiwa baadaye ilieleza deni lilivyokuwa tarehe ya nyuma; Baraza likaona haitoshi, kwa sababu anayesaini lazima akiri deni lililopo siku anayosaini. Hesabu zinazofungwa 31 Desemba na kusainiwa Juni zinaingia moja kwa moja kwenye mtego huu.

Kwa hiyo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeidai hoteli asitegemee hesabu za mwaka. Aombe barua fupi kila mwaka, muda ukiwa bado upo: "Tunathibitisha kwamba hadi leo tunadaiwa na duka hili shilingi kadhaa, nasi tunawajibika kuzilipa." Chini yake tarehe, jina la mkurugenzi na saini yake.