Kabla Hujalipia Hisabati ya Mtandaoni: Mtihani Gani, na Nani Atasahihisha Hatua?

Mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani akitafuta programu ya hisabati ya sekondari, atakachoonyeshwa kwanza ni video nzuri na idadi ya masomo. Yanayoamua kama fedha yake itazaa matunda hayamo kwenye tangazo. Ni mawili tu: mtihani atakaoufanya mtoto mwishoni, na mtu atakayesoma kazi yake mstari kwa mstari amwambie amepotelea wapi.

Anza na mtihani. Cheti cha kumaliza programu hakichukui nafasi ya cheti cha mtihani, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu. Tanzania, mtoto ambaye hakupita katika shule ya sekondari iliyosajiliwa huanza na Mtihani wa Maarifa (QT) wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na akifaulu ndipo anaposajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayelenga njia hiyo anahitaji programu inayofuata mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mada kwa mada. Aangalie pia lugha: aliyesoma hisabati ya msingi kwa Kiswahili atakutana na karatasi ya Kiingereza, kwa hiyo mpe mwezi mmoja wa kujenga msamiati, akiandika kila neno jipya kando ya lile analolijua.

Familia nyingine za Tanzania na Kenya huchagua IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wenye asili ya Uingereza. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu neno hilo moja limebeba mitihani tofauti. Muulize muuzaji namba ya silabasi, na asipoijua, mwache. Hisabati ya kawaida ya bodi ya mitihani ya Cambridge ni 0580. Ipo pia 0607, ambayo hutaka kikokotoo cha kuchora grafu, na 0606, ambayo ni hisabati ya nyongeza kwa walio imara. Pearson Edexcel, bodi nyingine ya mitihani, wana 4MA1.

Tofauti zake si za jina tu. Kuanzia mitihani ya 2025, mtahiniwa wa 0580 hufanya karatasi moja bila kikokotoo na nyingine akiwa nacho. Kwenye 4MA1 kikokotoo kinaruhusiwa katika karatasi zote mbili. Mtoto aliyezoezwa na programu ya 4MA1, akibonyeza kikokotoo hata kwa 7 × 8, akiingia kwenye karatasi ya 0580 isiyo na kikokotoo atakuwa na saa mbili ngumu sana. Angalia na ngazi: 0580 ina Core, ya msingi, na Extended, yenye mada zaidi na ngumu zaidi. Wa Core, hata apate kila swali, daraja lake la juu kabisa ni C; A* ipo kwa Extended peke yake, yenye karatasi mbili za alama 100 kila moja. Kuna programu zinazotangaza “IGCSE kamili” kumbe zimeishia Core. Fungua orodha ya mada utafute kanuni ya sine na ya kosine, vekta, na mteremko wa mkunjo. Zisipokuwepo, hiyo si Extended.

Programu za Kimarekani zina shida ya mpangilio. Kule hisabati hugawanywa kwa miaka: Algebra 1, kisha Geometry, kisha Algebra 2. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima wa aljebra bila kugusa trigonometria, wakati mtihani wa mfumo wa Uingereza, kama 0580, huchanganya yote katika karatasi moja. Mazoezi yake yamejaa inchi, futi na maili, na maswali ya kuelekea kwa dira kwa tarakimu tatu, kama 045°, ni nadra kuyakuta. Familia ya Waswahili inayoishi Marekani, ambayo mtoto wake ataomba chuo huko huko, inapaswa kuufuata mpangilio huo, ikikagua kwanza sheria ya jimbo lake kuhusu elimu ya nyumbani. Kwa aliyeko Morogoro anayelenga 0580, Khan Academy, ambayo ni ya bure, inafaa sana kuimarisha mada moja moja. Kuifanya njia nzima ni kumwachia mapengo.

Sasa tuje kwenye hatua, maana hapa ndipo programu nyingi hushindwa. Chukua swali hili: 10 − 3(x − 4) = 1. Mtoto anafungua mabano na kuandika 10 − 3x − 12 = 1, anapata x = −1. Hesabu zake zote baada ya mstari ule ni sahihi. Kosa ni alama moja: −3 mara −4 ni +12, na jibu ni x = 7. Programu inayosahihisha jibu la mwisho tu itaweka alama nyekundu, itaonyesha suluhisho lake, mtoto ataitikia “aa, sawa” na kusonga mbele. Kesho atarudia kosa lile lile. Mwalimu aliyesoma mstari wa pili angemwelekeza kwenye ile alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano, kazi ya dakika mbili.

Mtihani wenyewe hutoa alama za njia. Aliyeonyesha hatua anaweza kuokota alama hata jibu likiharibika. Aliyezoea kuandika jibu tu kwenye kisanduku, akilikosa hupoteza zote. Maswali ya kuchagua a, b, c, d yana hasara nyingine: mtoto hujaribu kila jibu kwenye mlinganyo mpaka moja likubali, na hajatatua chochote.

Kwa hiyo tumia siku za majaribio ya bure hivi. Andika suluhisho la swali lile kwa mkono, ukiacha kosa la alama makusudi. Lipige picha, litume, kisha hesabu saa. Jibu zuri hutaja mstari wenye kosa na kumtaka mtoto aufanye upya. “Jaribu tena” peke yake, au suluhisho zima lililobandikwa, linakuambia hakuna aliyeisoma kazi. Saa 48 ni kikomo cha kuvumilika. Zaidi ya hapo mtoto ameshaingia mada nyingine akiwa na kosa mkononi.

Usimpange mtoto kwa umri. Mpe maswali 20 ya sehemu, namba hasi, asilimia na kufungua mabano, bila kikokotoo. Akikosa zaidi ya matano, rudi nyuma wiki sita. Aljebra iliyojengwa juu ya sehemu zinazolegalega huanguka kidato cha tatu.

Piga hesabu ya bando pia. Video ya ubora wa kati hula takribani nusu GB kwa saa. Saa nne kwa wiki, kwa wiki 36, ni GB 72. Programu inayoruhusu kupakua masomo na kuchapa mazoezi itaokoa fedha kuliko punguzo lolote la ada. Simu hutosha kwa video, ila grafu na michoro lazima zifanywe kwa mkebe: rula, bikari, protrakta na penseli iliyochongwa, kwenye karatasi. Nusu ya muda wa kila kipindi uwe wa daftari, skrini ikiwa imezimwa.

Kabla ya kulipa ada ya mwaka, tafuta kituo kinachopokea watahiniwa binafsi na uulize kama kinasimamia namba ile ile ya silabasi na ngazi ile ile, na dirisha la usajili linafungwa lini. Mitihani ya Cambridge hufanyika Mei/Juni na Oktoba/Novemba, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla. Kwanza lipia mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi mpe mtoto karatasi halisi ya mwaka uliopita, achukue maswali ya mada alizosoma tu, umwekee saa, na usahihishe kwa mwongozo rasmi wa kusahihishia. Kama kwenye programu anapata asilimia 90 na hapa 45, ya kuamini ni 45.