Kwa nini "mapenzi ya Mungu" si "upendo wa Mungu"?

Kaa msibani penye Wakatoliki na Walutheri, usikilize Baba Yetu. Wanaanza kwa sauti moja, lakini wakishafika kwenye ufalme wanaachana: huku "utakalo lifanyike", kule "mapenzi yako yatimizwe". Mvurugo wa sekunde chache, kisha wanakutana tena mbele kidogo.

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa hapo ni moja, *thelema*, yaani lile mtu analolitaka. "Utakalo" linaeleweka. Je, mapenzi yameingiaje?

Yameingia kupitia kitenzi chenyewe. Kupenda kwa Kiswahili hakuhitaji moyo kudunda. Ukipenda kaa, usipopenda nenda. Fanya upendavyo. Mtu akisema "Mungu akipenda tutaonana kesho", hazungumzii huba; anasema inshallah kwa Kibantu. Kutaka, kuridhia, kuchagua na kuwa na shauku na mtu, vyote tumevitia kapu moja. Ndiyo maana kanisani ikabidi neno jingine litengwe kwa kazi ya moyo: 1 Yohana 4:8 inasema "Mungu ni upendo". Mhubiri akisema "Mungu ni mapenzi", vijana wa viti vya nyuma watacheka. Waislamu hawana shida hiyo, kwani kwenye maulidi "mapenzi ya Mtume" ni kumpenda Mtume, basi.

Kwangu mimi kapu hilo si kasoro. Vitabu vyenyewe vinachanganya vitu hivyo viwili kwa makusudi. Wayahudi husoma asubuhi na jioni maneno ya Kumbukumbu la Torati 6, kwamba umpende Bwana Mungu wako kwa moyo wote, roho yote na nguvu zote, na aya zinazofuata zinaagiza yaandikwe hata kwenye miimo ya mlango. Ni upendo ulioamriwa, kama kodi. Yesu katika Yohana 14:15 anasema anayempenda atazishika amri zake. Qurani 3:31 inamwambia Mtume awaambie watu: kama mnampenda Mwenyezi Mungu, nifuateni, naye atawapenda. Kote huko, kumpenda Mungu ni kutenda alipendalo.

Aliyeona hilo halitoshi ni Rabia wa Basra, mwanamke anayesemekana kufariki mwaka 801 hivi. Husimuliwa kwamba alionekana njiani na moto mkono mmoja, ndoo ya maji mkono wa pili. Alipoulizwa, akajibu anakwenda kuichoma pepo na kuuzima moto wa jahanamu, ili abaki anayemwabudu Mungu bila tamaa wala woga. Mtu wa namna hiyo utamwitaje? Mtiifu? Neno halimtoshi. Masufi, Waislamu wa njia ya kiroho kama yake, wakaazima msamiati wa Kiarabu wa wapenzi: *hubb*, *mahabba*, *ishq*.

Wakristo nao walikwenda huko huko. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa, alianza mwaka 1135 kuhubiri juu ya Wimbo Ulio Bora, mashairi ya bibi na bwana wanaotamaniana, akiyasoma kama mazungumzo ya roho na Mungu. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa na mahubiri 86, na ndiyo kwanza ameigusa sura ya tatu. Busu la mstari wa kwanza peke yake lilimchukua mahubiri kadhaa. Na kule Rajasthan, India, katika karne ya 16, mshairi Mirabai alimwimbia Krishna, mungu wa Wahindu, kama mumewe, akwe zake wakanuna.

Maneno yale ya Masufi nasi tunayo. *Hubb* ni huba, *mahabba* ni mahaba, na anayependa kwa *ishq* ni ashiki. Ila kwetu yamehamia kwenye taarabu na khanga, na ukiyataja mbele ya wazee, yupo atakayekohoa.