Uhasibu ni nini, na mhasibu hufanya kazi gani hasa?

Uhasibu ni kazi ya kurekodi, kupanga na kueleza mapato, matumizi, mali na madeni ya biashara au taasisi, ili wahusika waijue hali yake halisi. Wengi huishia kwenye kurekodi. Hiyo ni kazi muhimu, lakini karani makini anaiweza. Uzito wa taaluma uko kwenye maamuzi.

Chukua mvuvi anayeshusha samaki kwenye mwalo wa Deep Sea, Tanga. Januari amenunua injini ya boti kwa shilingi 6,000,000 taslimu. Mwaka mzima ameuza samaki wa 14,000,000, ila 2,000,000 kati ya hizo bado anamdai mchuuzi wa Ngamiani. Mafuta, barafu na malipo ya wavuvi wenzake vimekula 9,000,000. Kwa hesabu ya mfukoni, ametoa 3,000,000 zaidi ya alizopokea, na anaweza kudhani biashara imekufa.

Mhasibu ataona vingine. Deni la mchuuzi ni mapato, maana samaki wameshachukuliwa. Injini nayo haikuliwa yote mwaka huu. Ikikadiriwa kudumu miaka 5, uchakavu, yaani thamani inayopotea kwa kutumika, ni 1,200,000 kila mwaka. Toa hizo na zile 9,000,000 kwenye mauzo ya 14,000,000: faida ni 3,800,000.

Lakini nani kasema miaka 5? Maji ya chumvi yanakula chuma. Ukiandika miaka 3, faida inashuka hadi 3,000,000. Ukiandika 10 ili benki ivutiwe kutoa mkopo, inapanda hadi 4,400,000, na hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka. Hapo ndipo uadilifu unapohitajika kuliko ujuzi wa kujumlisha, na ndiyo sababu kazi hii ina msimamizi: NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hutunga mitihani, ikiwemo ya CPA (sifa ya juu ya mhasibu wa kitaaluma), husajili wahasibu na huwawajibisha wanaokiuka maadili.

Mkaguzi ni mwingine. Yeye hapaswi kukagua hesabu alizoandaa mwenyewe. Kwa fedha za serikali yupo CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayetajwa kwenye Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania.

Mwanachama wa SACCOS au wa ushirika wa mkonge hahitaji CPA ili kuuliza kwenye mkutano mkuu: hesabu hizi kakagua nani, na uchakavu wa trekta letu umekadiriwa kwa msingi gani?