Mpiga kura asiyeona huchagua mwenyewe wa kumsaidia

Kila msimu wa uchaguzi, makundi ya WhatsApp ya Dodoma, Bahi hadi Kongwa husambaziwa ujumbe uleule: asiyeona au asiyejua kusoma sharti apigiwe kura na msimamizi wa kituo, na akiingia na ndugu yake kura huharibika.

Si kweli. Utaratibu wa kupiga kura nchini unamruhusu mpiga kura huyo kumchagua mtu anayemwamini, na miongoni mwa wanaokatazwa kumsaidia ni huyo huyo anayetajwa kwenye ujumbe, yaani msimamizi wa kituo, pamoja na msaidizi wake na wakala wa chama. Bibi mwenye mtoto wa jicho anaweza kuingia kwenye kituturi, yaani sehemu ya siri ya kupigia kura, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, akamnong'oneza chaguo lake, na karatasi ikatumbukizwa sandukuni kama nyingine zote. Asiyeona lakini anasoma nukta nundu anaweza pia kuomba jalada maalumu apige kura mwenyewe.

Mkanganyiko, nadhani, hutokana na kanuni ya usiri, ambayo kwa kawaida humtaka kila mtu aingie peke yake. Mwenye shaka aisome Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024, na ujumbe huo, ukimfikia, asiusambaze.