Nyota Haziendi Likizo Kiangazi

Juni imeingia, na ule ushauri wa kila mwaka nao umeingia: fungeni darubini zenu hadi Septemba, kiangazi huku kaskazini hakuna usiku. Juzi nimeusikia tena, safari hii kwa kijana aliyenunua darubini nzuri mwezi wa Mei na tayari keshaifunika shuka. Ndugu zangu wa Dar na Mombasa nao wana toleo lao: "Huko kwenu Sweden si jua halizami?"

Linazama. Hapa Stockholm, hata siku iliyo ndefu kuliko zote, linazama saa nne na dakika chache usiku na kuchomoza saa tisa na nusu. Giza kamili ndilo halifiki, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Fanya hesabu hii, ni ya kutoa tu. Chukua 66.5, toa latitudo ya mji wako. Jibu ni nyuzi ambazo Jua linashuka chini ya upeo wa macho katikati ya usiku wa tarehe 21 Juni au hapo karibu. London unapata 15. Edinburgh kama 10 na nusu. Stockholm 7. Helsinki 6 na ushei. Tromsø, kule kaskazini mwa Norway, unapata hasi 3, yaani Jua liko juu ya upeo na linakutazama. Huko tu, na kwingine kote kaskazini ya mstari wa Aktiki, ndiko maneno ya "jua halizami" yana ukweli. Wengine wote mna usiku, ila una rangi ya bluu.

Giza ambalo wanafalaki huliita kamili linataka nyuzi 18. Kwa hiyo kuanzia latitudo ya 48.5 hivi kwenda juu, kuna majuma ambayo halipatikani. Hata Paris hulikosa kwa siku kadhaa! Stockholm tunalikosa tangu mwisho wa Aprili mpaka baada ya katikati ya Agosti. Dar, ambako Jua linashuka karibu wima, nyuzi hizo 18 huisha kwa muda wa saa moja na robo hivi tangu magharibi. Huku linashuka kwa mshazari, linajikokota, halafu linageuka kabla halijafika.

Waislamu wa huku wanalijua jambo hili kuliko wenye darubini wengi. Isha huingia mawingu mekundu ya machweo yakitoweka, na alfajiri huingia weupe ukitandaa mashariki. Sasa pale wekundu wa magharibi unapohama polepole kupitia kaskazini na kugeuka kuwa alfajiri bila kuzimika, Isha iingie saa ngapi? Wako wanaofuata nyuzi 18 hadi zinapokosekana, wako wanaotumia 15, wako wanaogawa usiku mafungu saba. Mimi si shehe na sitoi fatwa. Ila mtu anayebishana kila Juni kuhusu ratiba ya msikiti tayari anaelewa kwamba kuzama kwa Jua ni mwanzo tu wa hadithi. Halafu mtu huyohuyo anasoma saa ya machweo kwenye simu, anatoka nje dakika kumi baadaye, anaona mbingu nyeupe, anarudi kulala na kusema hakuna nyota. Toka saa sita kasoro usiku, bwana! Hapa Stockholm Jua hupita nyuzi 6, pale nyota kali zinapoanza kuonekana vizuri, karibu saa sita kasoro dakika ishirini, na kina cha mwisho ni saa saba kasoro dakika kumi. Una dirisha la zaidi ya saa mbili.

Hapo nakiri kwamba vitabu vinarahisisha mambo. Huchora mistari ya hatua za giza kwenye nyuzi 6, 12 na 18 kana kwamba mbingu ina swichi. Jua likiwa nyuzi 7, usiku mmoja naiona Nyota ya Kaskazini bila taabu. Usiku wa pili, kuna ukungu mwembamba tu juu, naitafuta kama sindano. Sijapata kanuni ya kuaminika ya kutabiri hilo.

Kuna nini cha kuona basi? Nyota ya Vega iko juu sana upande wa kusini, Arcturus inashuka magharibi, Deneb iko mashariki na Altair kusini-mashariki. Capella iko chini kaskazini, ndani ya mwanga wenyewe, ikimetameta hadi watu wananiuliza ni ndege gani. Galaksi na nebula, yale mawingu ya gesi ya mbali angani, sahau, na Njia Nyeupe pia. Nyota pacha ndizo za msimu huu: mbingu yenye mwanga kidogo hupunguza mng'ao wa nyota kali, na zile mbili hutengana vizuri zaidi. Anza na Albireo, moja ya dhahabu na moja ya bluu. Husimuliwa kuwa zinazungukana. Vipimo vya chombo cha angani cha Gaia vinaleta shaka kubwa, huenda zimepangana tu machoni petu. Uzuri haujapungua.

Kisha kuna kitu ambacho usiku wa giza kamili hauwezi kukupa: mawingu yang'aayo usiku. Ni chembe za barafu kwenye kimo cha kilomita 83 hivi, ambako kiangazi, kinyume na unavyotarajia, ndicho kipindi cha baridi kali kuliko vyote, chini ya nyuzi hasi 120 za Selsiasi, kwa sababu hewa ya huko juu inapanda na kutanuka. Jua likiwa nyuzi 6 hadi 16 chini yetu, bado linayaangaza. Tazama kaskazini, chini, utafute mawimbi ya fedha na bluu. Maandiko ya kwanza ya wazi ni ya 1885, miaka miwili baada ya mlipuko wa Krakatoa. Je, volkano ndiyo iliyoyaleta, au watu walikuwa wanakodolea machweo mekundu wakayaona kwa bahati? Mimi naegemea la pili, bila ushahidi wa kutosha.

Mwezi mpevu wa Juni usiutegemee, huku unatambaa juu ya paa za nyumba. Ule wa Juni 2025 ulipanda nyuzi mbili tu hapa.

Na nyie wa Tromsø, msiniandikie. Jua lenu la usiku wa manane huisha karibu tarehe 22 Julai, na nyota mtazingoja hadi Agosti. Nunueni kichujio halali cha Jua, kinachofungwa mbele ya darubini na si kwenye kioo cha kuchungulia, mhesabu madoa ya Jua saa sita ya usiku.