Kujuana Hakutoshi, Sajilini Vikoba Vyenu

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinapovunjwa ili wanachama wagawane akiba, ndipo malalamiko yanapofika mezani kwetu maendeleo ya jamii: fedha za sandukuni hazilingani na daftari, na mweka hazina hapokei simu. Tukiuliza katiba ya kikundi, tunajibiwa, "Sisi tunajuana."

Kujuana huko hatukudharau. Katika mitaa iliyojengeka bila mipango, kama Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, mtu akifiwa usiku, turubai na sufuria za kikundi cha kufa na kuzikana hufika kabla ya ndugu walioko mkoani. Mama lishe aliyeishiwa mtaji huinuliwa na wenzake kwa mfuko wa jamii wa kikundi, bila fomu wala dhamana. Hakuna ofisi inayoiweza kasi hiyo.

Lakini kikundi kikishaanza kuweka akiba na kukopeshana, kinaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, ambalo ni la vikundi vya kijamii kama hivi, na lazima kisajiliwe. Benki Kuu ya Tanzania imekasimu kazi hiyo kwa halmashauri. Wanachama wasipungue 10 wala kuzidi 50. Andaeni katiba iliyosainiwa na wanachama wote, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye majina kamili, namba za simu na sahihi, pamoja na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Muhtasari usio na tarehe mtarudishiwa. Orodha ambayo sahihi zote ni za mkono mmoja mtarudishiwa pia, na hilo tunalitambua haraka. Kuendesha kikundi bila usajili ni kosa kisheria, na lina adhabu.

Usajili si kodi. Hili limeelezwa mkutano baada ya mkutano, na bado wapo wanaoficha masanduku! Halmashauri haichukui fedha zenu. Funguo tatu za sanduku zinabaki kwa wanachama watatu mliowachagua wenyewe. Wala msikimbilie kuunda kikundi kwa ajili tu ya mkopo wa asilimia 10, ule unaotolewa na halmashauri kutoka mapato yake ya ndani, maana kikundi cha namna hiyo husambaratika mkopo ukishatoka, na wasiohama ndio wanaodaiwa.

Tatizo kubwa zaidi ni la wapangaji. Kodi ya chumba ikipanda, mtu anahama huku hisa zake, yaani akiba aliyoweka, zikiwa bado kikobani, na pengine akiwa na ufunguo. Katiba itaje hisa za anayehama zinarudishwa lini, na ufunguo anakabidhiwa nani, mbele ya mashahidi gani. Kama yenu haina kifungu hicho, ileteni irekebishwe kabla ya siku ya kuvunja.