Maana ya Mdudu, kwa Wanaowafundisha Watoto Wadogo

Mdudu, kwa maana ya kisayansi, ni kiumbe mwenye miguu sita, vipapasio viwili na mwili uliogawanyika sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo. Wengi wao huota mabawa wakishakomaa. Nzi, mende, chungu, panzi na kipepeo wamo. Buibui hamo, kwa kuwa ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili, wala nge, kupe, tandu, jongoo, konokono na nyungunyungu hawamo.

Fasili hiyo haina ugumu. Linaloniudhi ni chati za madarasa ya chekechea hapa Mombasa zilizoandikwa «Wadudu» kwa herufi kubwa, zikaeleza kwamba kila mdudu ana miguu sita, kisha chini yake pakachorwa buibui na konokono. Mtoto wa miaka mitano anajua kuhesabu hadi nane. Akimhesabu buibui yule, itambidi achague kuamini macho yake au kuamini chati, na hilo si jambo la kumtwika mtoto aliyeanza tu kupenda kuchungulia chini ya mawe.

Neno lenyewe halina hatia. Shina lake ni -dudu, nalo halikuwahi kuhesabu miguu ya mtu yeyote. Likipewa m- huwa mdudu, kiumbe mdogo wa kutambaa au kuruka, awe na miguu mingapi. Likiachwa dudu, na wingi wake madudu, huongezeka ukubwa na kutisha. Likipewa ki- hupungua likawa kidudu, hadi kufikia vidudu vya maradhi visivyoonekana kwa macho. Ndiyo sababu uvimbe wa usaha kando ya ukucha huitwa mdudu wa kidole, na mgonjwa aliyepimwa malaria huambiwa ana wadudu katika damu, ingawa vimelea hivyo havina mguu hata mmoja. Majirani zetu wa Tanzania wameiita hata chekechea yenyewe shule ya vidudu, wala hakuna anayeudhika. Sayansi ililikuta neno hili likiwa pana, ikalibana libebe miguu sita. Maana zote mbili ni halali. Kuzichanganya katika sentensi moja ndiko kunakompoteza mtoto.

Kuhesabu miguu kuna faida mkononi pia, hasa msimu wa mvua, jongoo wanapojaa uani. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili, huenda polepole na hujikunja akiguswa. Hana sumu ya kuuma, ila hutoa majimaji yanayowasha na kutia doa, kwa hiyo mtoto aliyemshika anawe mikono. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, ni bapa, hukimbia sana, na huuma kwa sumu. Anayewaita wote wadudu na kuishia hapo amemnyima mtoto onyo analolihitaji.

Tena jongoo ana heshima yake katika mji huu. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti mwaka 1971 katika machimbo ya saruji ya Bamburi, mvinje ulistahimili ardhi ile ya mawe matupu, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Waliletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayala, na kinyesi chao kikasaidia kujenga udongo uliootesha msitu ambao leo watoto hupelekwa kuutembelea. Mwalimu aliye pale na darasa lake anaweza kufukua majani makavu na kuwaonyesha kazi hiyo.

Kwa hiyo chati hizo zisitupwe. Kichwa kibadilishwe kiwe «Viumbe Wadogo», nalo neno wadudu liandikwe juu ya wale wa miguu sita peke yao. Kiwavi naye aelezwe vizuri, maana watoto watamhesabu. Miguu yake ya kweli ni ile sita iliyo karibu na kichwa, na vile vinundu vya nyuma ni vya kushikia tu, ambavyo kipepeo hatakuwa navyo. Na bibi akimwonyesha mjukuu wake buibui ukutani akamwita mdudu, aachwe, kwani yeye hakuandika miguu sita popote.